Wimbo wa zamani unavyopima sikio la mtoto

Enzi za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, redio nyingi zilikuwa na spika moja. Sauti ya mwimbaji na magitaa vilitoka pamoja. Siku hizi nyimbo za miaka ya 1960 zikichanganywa upya kwa stereo, mwimbaji anaweza kuwekwa sikio la kulia, gitaa la kushoto.

Mzazi, mwanao akisema mwimbaji hasikiki, usikimbilie kuongeza sauti. Geuza hedifoni: ya kulia ivaliwe kushoto. Mwimbaji akiendelea kutosikika, huenda hedifoni ni mbovu. Akisikika na gitaa likapotea, huenda tatizo liko sikioni.

Usichokonoe kwa njiti. Husukuma nta ndani. Hapa Nyamwaga hospitali ipo, mpeleke akaangaliwe kabla hajaachwa nyuma darasani.