Harambee ya nauli haitoshi

Moiben, Uasin Gishu, inajua kuchanga. Mwana wa mkulima wa ngano akipata nafasi ya utafiti ng'ambo, mahindi huuzwa, ng'ombe hutolewa zizini na harambee ya Jumamosi hutimiza nauli. Ukarimu huo tunauheshimu. Lakini mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret baada ya mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa masomo ya Finland na Canada kukwama. Tangu hapo, mchangaji yeyote ana haki ya kuona barua ya mwaliko na kuithibitisha kwa chuo chenyewe.

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu ana mzigo mwingine, usioonekana jukwaani. Kabla ya kukusanya data nchini Kenya anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti. Akitaka kubeba mbegu au udongo wa shamba la Moiben hadi maabara ya Ulaya, atahitaji cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na ruhusa ya nchi inayopokea. Bila hivyo, sampuli za msimu mzima zaweza kuteketezwa uwanja wa ndege. (Msimu wa ngano haurudiwi kwa sababu ya mhuri.) Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa nini basi tusubiri wiki za mwisho?

Vyuo vya Eldoret viweke afisa mmoja wa kukagua hati hizi, na wasimamizi wa tasnifu wasitie saini ratiba ya safari kabla afisa huyo hajaridhika.