Siku Mbili za Bakole

Alhamisi jioni habari iliingia Kisangani kwa simu. Bondia Daniel Dubois ameugua kule Riyadh, na aliyeitwa kuziba pengo lake mbele ya Joseph Parker ni Martin Bakole. Pambano lilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025. Mkanda wa IBF uliondoka na Dubois, ukabaki ule wa muda wa WBO aliokuwa nao Parker. Kwa watu wa Mangobo, hapa mjini, hilo neno "wa muda" halikupunguza kitu. Mkanda ni mkanda, na anayeupigania ni mtoto wa Kasai, Mkongo mwenzao.

Kwenye nganda moja ya pombe karibu na gereji za pikipiki, fundi ambaye hata hajanawa oili mikononi alikuwa ameshamaliza hesabu: "Ule Parker hana nguvu. Bakole ataangusha yeye raundi ya kwanza." Fundi huyu anafuatilia. Agosti 2024, Los Angeles, Bakole alimwangusha mara tatu Jared Anderson, Mmarekani ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja, na refa akasimamisha katika raundi ya tano. Mei 2022 alimfuata Tony Yoka nyumbani kwake Paris, bingwa wa Olimpiki ya Rio, akamwangusha mara mbili na kumshinda kwa pointi. Baba yake Yoka naye asili yake ni Kongo. Fundi alisema usiku ule alishangilia pembe zote mbili za ulingo.

Mwalimu mstaafu aliyekaa mwisho wa benchi alimwacha amalize. Kisha akauliza: "Mtoto wangu, juma lililopita Bakole alikuwa anafanya mazoezi na nani?"

Benchi zima likanyamaza, halafu wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja.

* * *

Swali la mwalimu ndilo lililotawala Ijumaa yote. Bakole alikuwa hapa hapa Kongo simu ilipomfikia. Kambi yake ilikuwa Airdrie, Scotland, kwa kocha Billy Nelson. Bondia wa uzito wa juu anayekwenda kupigania taji huhitaji wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Mwanzoni anakimbia na kupunguza mwili. Baadaye wanaletwa wenzake wa mazoezi, wanaochaguliwa kwa kufanana na mpinzani: urefu ule ule, mkono ule ule, mwendo ule ule. Mwishoni kazi inapunguzwa ili misuli ipumzike. Asiyepitia hayo bado ana ngumi nzito, lakini jicho linaona konde likija na kichwa kinachelewa kuondoka.

Parker alikuwa amepitia yote, akijiandaa kwa ajili ya Dubois. Bakole alipewa siku mbili, na sehemu kubwa ya hizo aliimaliza ndani ya ndege. Alitua Riyadh Jumamosi yenyewe kabla ya jua kuchomoza. Mizani ilisoma kilo 143, zaidi ya kilo kumi juu ya uzito aliompigia nao Anderson. Parker alikuwa na kilo 121.

Wengi walizipokea kilo hizo kama habari njema. Kijana mmoja wa toleka, amekaa juu ya baiskeli yake akingoja abiria, alisema mtu wa kilo 143 haangushwi na mtu. Mimi niliziona kama mwili ambao haukuwa na habari kwamba unaitwa kazini.

* * *

Mwalimu alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1974, na hoja yake aliitoa huko. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa tarehe 25 Septemba, Kinshasa. Siku chache kabla yake Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa hadi 30 Oktoba. Watu wanakumbuka kamba ambazo Ali aliziegemea huku akipigwa, na raundi ya nane Foreman alipokwenda chini. Hizo wiki tano za katikati wamezisahau.

Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kati yake kwa nokauti. Joe Frazier alimmaliza kwa raundi mbili, Ken Norton kwa raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32, na miaka yake mizuri zaidi, tangu 1967 hadi 1970, ilipotea kwa sababu alikataa kwenda kupigana Vietnam. Waliompa nafasi duniani walikuwa wachache, na rafiki zake waliogopea uhai wake.

Lakini wiki zile Ali alizitumia. Alikimbia kandokando ya mto kule N'Sele, akazungumza na kila aliyemkuta njiani, akauzoesha mwili wake joto letu. Foreman alizipitisha akilinda kidonda, hawezi kufanya mazoezi ya kupigana kama kawaida, na nchi yenyewe aliichoka. "Wakati ulimpiga Foreman kabla ya Ali," mwalimu alisema. Neno hilo siwezi kulibeba lote. Ali alimpiga Foreman kwa akili na kwa mkono wa kulia uliofika mahali pake. Hata hivyo mwalimu anaona kitu ambacho mashabiki wengi hawakitazami, kwa kuwa picha za pambano hazikionyeshi.

Alitueleza pia walivyosikiliza. Kengele ya kwanza ililia saa kumi alfajiri Kinshasa ili Marekani waone usiku wao, na kwa sisi wa mashariki ilikuwa saa kumi na moja. Redio moja, mtaa mzima uani kwa jirani, na kila aliyefika alitakiwa kwanza aseme yuko upande gani.

* * *

Mezani yalipita pia mambo mazito. Goma ilikuwa imechukuliwa na waasi mwishoni mwa Januari, Bukavu wiki moja kabla ya pambano. Kila mtu hapa ana ndugu huko. Nilimkumbuka Kibomango wa Goma, aliyekuwa askari mtoto, akapoteza jicho moja, kisha akawafundisha ngumi watoto wa mitaani na waliotoka vitani kama yeye. Mji wetu unajua maana ya mizinga. Wa rika langu hawajasahau Juni 2000 na siku sita za vita vya Wanyarwanda na Waganda. Sikumlaumu yeyote aliyetaka usiku mmoja wa kubishana juu ya ngumi za watu wawili wenye refa kati yao.

* * *

Jumamosi usiku umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, tukatazama. Haikuchukua muda. Raundi ya kwanza Bakole alisogea mbele, Parker akamsoma. Raundi ya pili mkono wa kulia wa Parker ulimpata juu ya kichwa na miguu ikamwisha. Alisimama, lakini hesabu ilimpita. Fundi alitoka nje bila kumaliza chupa yake.

Asubuhi mitaani watu walimtukana Bakole: mnene, mvivu, amekwenda kuchukua pesa. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Naamini hakupaswa kusema ndiyo, kwa kuwa kichwa cha binadamu hakijaribiwi bila maandalizi. Lakini tazameni ameishi vipi. Baada ya kumpiga Yoka wakubwa walimkwepa, kwa sababu kumpiga hakuleti fedha nyingi na kupigwa naye kunaharibu jina. Mtu aliyengoja hivyo, mlango ukifunguliwa usiku, anaingia na nguo aliyolala nayo.

Na kwa nini kambi yake ilikuwa Scotland? Yeye na kaka yake Ilunga Makabu walianzia ngumi za kulipwa Afrika Kusini. Makabu alitwaa mkanda wa WBC wa uzito wa kruza hapa nchini, Kinshasa, Januari 2020, akaushika hadi Badou Jack alipomnyang'anya Saudi Arabia mwaka 2023. Kabla yao Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa bingwa wa WBA wa uzito wa kati mwaka 1987, akipigana chini ya bendera ya Italia. Nchi hii inazaa mabondia, kisha nchi nyingine zinawapa kocha, daktari, chakula na wiki kumi na mbili.

* * *

Kila asubuhi, pembeni mwa uwanja mmoja wa mpira wilayani Tshopo, vijana wanapiga gunia la mchanga lililofungwa kwenye mwembe. Wana jozi moja ya glavu. Mmoja anavaa ya kulia, mwenzake anavaa ya kushoto, kisha wanabadilishana. Mkubwa wao amefunga vidole kwa vipande vya chandarua cha zamani.

Mbao za kuwajengea sakafu ya ulingo zipo, hapa ndipo zinapokatwa misituni na kupakiwa kwenda Kinshasa. Wenye mbao wanasoma ukurasa huu, na wenye kamba na glavu pia. Vijana wako pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nendeni mkawaone wiki hii, msingoje mmoja wao aitwe Riyadh.