Maksi nazo ziwekewe dedlaini

Msomaji, hebu nikuulize swali la haraka. Ukichelewa kusajili yuniti zako siku moja tu baada ya dedlaini, nini hutokea? Potali inafungwa. Unalipa faini, au unaambiwa usubiri semesta nyingine. Sawa, sheria ni sheria. Sasa je, lekchara akichelewa mwaka mzima kuleta maksi za mtihani ulioufanya, nini hutokea? Hakuna. Unaambiwa, "Rudi wiki ijayo tutaangalia." Wiki ijayo unaambiwa mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo.

Leo nataka tuongee kuhusu hilo, hasa kwa niaba ya wale wanaosoma uzamili na uzamifu. Tumezoea kudhani kilio cha maksi kupotea ni cha watoto wa shahada ya kwanza. Sivyo.

Kabla sijaendelea, nikwambie mimi ni nani, usije ukadhani unasoma makala ya profesa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Siku hizi nashinda kwenye saiba moja hapa katikati ya Eldoret. Nachapa tasnifu za watu, napanga majedwali, nasajili watu yuniti, na usiku naandika blogu. Tulipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, wengine walisherehekea barabara na taa. Mimi niliona wateja wangu ni walewale: wauguzi, walimu, makarani wa kaunti, wote wakitafuta karatasi moja zaidi ili wapandishwe cheo. Huu ni mji wa vyuo. Moi iko kule Kesses na matawi yake mjini, Chuo Kikuu cha Eldoret kiko Chepkoilel, na kati yao kuna vyuo vingine tele. Usiku wa mwisho wa usajili, saiba hujaa kama stendi ya matatu siku ya Krismasi.

Kuna dada mmoja, muuguzi, anaishi Huruma. Alianza uzamili akiwa na mtoto mmoja, sasa ana wawili. Chuo chenyewe sitakitaja, na wewe usibahatishe. Kozi zote alimaliza, pendekezo la utafiti likapita, data akakusanya, tasnifu nikamchapia mwenyewe kurasa zaidi ya mia moja. Alipoenda kuomba tarehe ya kutetea, akaambiwa hawezi. Yuniti moja ya mwaka wa kwanza haina maksi. Kwenye potali kuna dashi tu, kistari kidogo. Lekchara aliyeifundisha alikuwa wa kibarua na alishahamia chuo kingine. Idara inasema makaratasi hayaonekani. Na unajua kinachoendelea huku akingoja? Kila semesta lazima ajisajili upya na alipe, maana asipojisajili atahesabiwa kuwa ameacha masomo. Analipia kungoja kosa la mtu mwingine lirekebishwe.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya uzamili na shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikosa maksi, ana wenzake darasani mia mbili wenye shida hiyohiyo, na wanaweza kwenda ofisini pamoja wakiimba. Wa uzamili wako labda wanane, kila mmoja na kazi yake na familia yake, wanakutana Jumamosi. Wengi wanajilipia kutoka mfukoni au kwa mkopo wa Sacco. Hakuna wa kupiga kelele. Mtu anakufa na lake kimyakimya.

Na alama zenyewe za huko juu hazina mchezo. Shahada ya kwanza, vyuo vyetu vingi vinakupitisha kwa 40. Uzamili, alama ya kupita huwa 50. Ukipata 48, huko nyuma ungekuwa na D yako na ungesonga mbele, sasa umeanguka. Ukifanya sapu ukaipasua kwa 75, vyuo vingi vinakuandikia alama ya kupita tu, basi. Mimi siipingi sheria hiyo. Ukitaka kuitwa bingwa wa jambo, ulijue. Ila angalia vile sheria hizi zimeandikwa: upande wa mwanafunzi kila kitu kina namba na tarehe. Asilimia ya karo kabla ya kupewa kadi ya mtihani. Siku za kusajili. Siku za kubadilisha kozi. Miaka ya mwisho ya kumaliza. Upande wa chuo, mara nyingi kuna maneno matamu kama "kwa wakati ufaao".

Najua utaniambia wanafunzi pia wana makosa. Kweli kabisa, na mimi nayaona kila semesta kwenye kompyuta zetu. Mtu anahudhuria darasa miezi mitatu, anafanya mtihani, lakini hakuwahi kusajili hiyo yuniti kwa potali. Jina lake halitokei kwenye orodha ya lekchara, kwa hivyo maksi hazina pa kuwekwa. Mwingine anasajili kodi ya yuniti ya zamani iliyobadilishwa. Mwingine anamtuma binamu yake amsajilie, na binamu anabonyeza yuniti isiyo yake. Hapo usimlaumu lekchara. Lakini dada wa Huruma alisajili, karatasi ya usajili ninayo nakala yake, na aliweka sahihi chumba cha mtihani. Baada ya hapo kazi ya kutunza karatasi ile haikuwa yake tena.

Tuwe waungwana pia kwa walimu. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba, siku 49, wakidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mshahara ya 2017 hadi 2021. Fikiria mtu anadai pesa za miaka hiyo yote, na bado unamtaka asahihishe rundo la karatasi Jumapili usiku. Wale wa kibarua ndio wana hali mbaya zaidi: wengine hukaa miezi mingi bila kulipwa, na silaha pekee waliyonayo ni zile maksi. Wanazikalia. Mwajiri haumii sana. Anayeumia ni muuguzi aliyelipa karo yote. Vita vya ndovu wawili, na nyasi unazijua.

Kuna jambo lingine ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Mahali ambapo maksi zinaweza kupotea bila mtu kuulizwa, maksi zinaweza pia kuuzwa. Kama hakuna rekodi ya nani alipokea karatasi yako, siku gani, na nani aliingiza namba, basi yule anayeweza "kuzipata" ghafla ana nguvu juu yako. Wengine huombwa pesa ya chai. Wasichana huombwa kitu kibaya zaidi. Ukiweka tarehe na sahihi kila hatua, umepunguza nguvu hiyo. Ndiyo maana siiti hili tatizo la makarani tu.

Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1984, wanafunzi wa kwanza walikuwa 83, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Maksi za watu 83 zinaenea kwenye daftari moja, na mwalimu anakujua kwa sura. Leo vyuo vyetu vina maelfu kwa maelfu, lakini kwingine karatasi bado inasafiri vilevile: mkononi mwa lekchara, kwenye buti la gari, juu ya meza, ndani ya kabati. Tumenunua potali ya kumdhibiti mwanafunzi kuliko ya kuifuatilia karatasi yake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na ninaomba vyuo vyetu viufikirie. Moja, maksi ziwe na dedlaini iliyoandikwa kwenye kanuni, kama usajili ulivyo na dedlaini. Tarehe ijulikane na kila mtu tangu semesta inaanza. Mbili, mwanafunzi akionyesha alisajili yuniti na akasaini orodha ya mtihani, mzigo wa kuitafuta karatasi uwe wa chuo, usiwe wake. Tatu, mtu anayesubiri maksi ambazo chuo kimepoteza asitozwe ada ya kujisajili kwa muda huo. Hapa ndipo mambo yatabadilika haraka. Siku chuo kitakapoanza kupoteza pesa kwa sababu ya dashi moja, kabati litafunguliwa.

Lakini usikae ukingoja sera, komredi. Kuna mambo unaweza kufanya leo. Ukisajili yuniti, chapa ile karatasi siku hiyohiyo, usitegemee potali itakumbuka. Linganisha kila kodi na ile ya ratiba ya darasa. Tunza kadi ya mtihani hata baada ya mtihani. Kazi ulizosahihishwa na kurudishiwa, usizitupe wala usifungie mandazi. Baada ya semesta, angalia matokeo mara yanapotoka, usingoje mwaka wa mwisho. Dashi ya miezi mitatu inatibika. Ya miaka mitatu ni kesi.

Ukiiona dashi, acha kuuliza kwa mdomo. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa kitivo, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri na tarehe. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinasema una haki ya kuhudumiwa kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na uamuzi ukikuumiza upewe sababu kwa maandishi. Chuo cha umma ni ofisi ya umma, kwa hivyo hiyo inakihusu. Kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ukiomba habari kwa maandishi, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Barua moja yenye kifungu cha sheria ndani huamsha ofisi kuliko safari kumi za matatu.

Nilikwambia niliacha chuo mwaka wa tatu. Sitakudanganya kwamba sababu ilikuwa moja. Pesa nyumbani ziliisha, na mimi mwenyewe sikuwa mtakatifu. Lakini nilikuwa na dashi mbili, na kila nilipoenda kuuliza niliambiwa kesho. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sikujua hata kwamba barua inagongwa muhuri. Nilichoka, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenitafuta.

Dada wa Huruma hajachoka bado. Wiki iliyopita tuliandika barua yake pamoja, kurasa mbili, na viambatisho vinne. Nilikataa kumtoza pesa ya kuchapa. Alipotoka aliniuliza, "Na wewe zako uliandikia?" Sikuwa na jibu.

Sasa nina nakala ya barua ile kwenye kompyuta. Jumatatu nitabadilisha jina.