Jicho la Mashine na Vinyama vya Utumbo

Saratani ya utumbo mpana haizuki kwa siku moja. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota katika utando wa ndani wa utumbo, ambacho waganga hukiita polipu. Vinyama vingi havidhuru. Vingine, hasa vile vya aina ya adenoma, huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Daktari akikiona mapema kinyama cha namna hiyo, kwa kamera nyembamba inayopitishwa katika njia ya haja kubwa, hukikata, na maradhi hukatizwa kabla hayajaanza. Kwa desturi kinyama kilichokatwa hupelekwa maabara, na mtaalamu wa patholojia hukichunguza kwa darubini ili aseme ni cha aina gani. Siku hizi wapo wanaotaka hukumu hiyo iachiwe akili mnemba: kompyuta itazame picha ya kamera na kujibu papo hapo. Rai hiyo yafaa ipimwe vizuri kabla ya kupokewa Tanzania.

Namna mashine hiyo inavyofundishwa haina uchawi. Na achukuliwe mtoto wa Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa mto Pangani, mkoani Tanga. Ngalawa zinaporejea asubuhi, mtoto huwasikia wakubwa wakitaja: huyu changu, huyu tasi, huyu chewa. Akiisha kuwaona samaki wengi na kusahihishwa kila akoseapo, huwatambua kwa kutupa jicho tu, hata kama hawezi kueleza ametambuaje. Kompyuta nayo huonyeshwa maelfu ya picha za vinyama, kila picha pamoja na jibu la maabara. Kila ikosapo, hesabu zake za ndani hurekebishwa. Kwa hiyo mwalimu wa mashine ni maabara ile ile ambayo mashine inatakiwa kushika nafasi yake.

Je, mwanafunzi huyu amefuzu? Mwaka 2022 watafiti wa Norway na wenzao wa nchi nyingine walitangaza matokeo ya utafiti juu ya vinyama 892, visivyozidi milimita 5, vya wagonjwa 518. Kila kinyama kilihukumiwa na daktari kwa macho, kisha kwa msaada wa mashine, na mwisho kikapelekwa maabara. Kwa macho yao, madaktari walivitambua vinyama vya hatari kwa asilimia 88.4, kwa msaada wa mashine, asilimia 90.4. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Kilichopanda sana ni kitu kingine. Hukumu ambazo madaktari walizitoa kwa uhakika mkubwa zilitoka asilimia 74.2 zikafika 92.6. Kwa maneno mengine, mashine iliwaongezea madaktari kujiamini kuliko ilivyowaongezea kuona. Na kujiamini si kuona.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi katika nchi ambayo mashine haikufundishiwa. Mtoto wa Ushongo akipelekwa soko la samaki la Mwanza na kuonyeshwa sangara, atasema, “Huyu simjui.” Mashine iliyofundishwa majina mawili tu haina jibu hilo; itachagua moja kati ya mawili, pengine kwa uhakika mkubwa. Wavuvi wa Tanga wanaweza kulielewa jambo hili upesi. Baada ya mwaka 2003 nyavu zao za maji ya kina zilileta silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini kuwa alitoweka duniani zamani za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mashine inayojua changu na chewa peke yao ingalimwita chewa, na jambo likaishia hapo.

Utumbo nao una silikanti wake. Kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea hasa kandokando ya Ziwa Viktoria, huweza kuotesha vinyama katika utumbo mpana. Hivyo si adenoma, na ugonjwa uliovileta una dawa yake. Mashine iliyolelewa kwa picha za Ulaya na Asia ya Mashariki imeviona wapi?

Watakuwapo watakaojibu kwamba wataalamu wa patholojia ni wachache nchini, na kwamba mgonjwa wa Ushongo, aliyekwisha safiri mbali kutafuta matibabu, hapaswi kungojeshwa majibu. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini maabara ikiondolewa, ni nani atakayejua kwamba mashine imekosea? Vile vile jicho la daktari huweza kulegea. Uchunguzi wa vituo 4 vya Poland, uliotangazwa mwaka 2025, ulihusu madaktari waliokwisha kuzoea kusaidiwa na mashine. Walipopima bila ya msaada huo, waliona adenoma kwa wagonjwa 22 katika kila 100, ambapo kabla ya mashine kuletwa waliziona kwa 28. Uchunguzi mmoja haukati shauri, bali unatahadharisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine na ije, lakini ije kama msaidizi. Fedha za kwanza ziende kwenye kamera, maabara na mafunzo ya wataalamu, kwa kuwa bila ya hivyo mashine haina cha kutazama wala wa kuisahihisha. Hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC ziweke akiba ya picha za vinyama vya wagonjwa wa nchi hii, kila picha na jibu lake la maabara, na kila mashine inayoletwa ipimwe kwanza kwa picha hizo.

Shuleni nako kuna kazi. Mwanafunzi wa sekondari si lazima ajue kuitengeneza mashine hiyo, lakini yampasa ajue kuihoji: ilifundishwa kwa picha za nani, nani aliisahihisha, na ikikutana na isichokijua, husema nini?