UKALI WA NENO: KWA TENDO AU KWA MTU?



Kila msimu wa saro unapokaribia, hasa mwezi wa Desemba, neno moja husikika tena katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti: "msagane". Kwa asili lamtaja msichana ambaye hajatahiriwa. Lakini likitamkwa kisimani au kwenye mashine ya kusaga, huwa tusi: huyu bado mtoto, hastahili kuolewa, ni aibu ya nyumba yao. Wako mabinti waliokwenda wenyewe kwa ngariba ili tu wasiitwe hivyo tena.

Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi yetu imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Sheria yaweza kumfunga ngariba. Mdomo wa jirani haiwezi kuufunga. Kazi hiyo ni yetu.

Yuko atakayeuliza: "Padre, mbona nanyi mnatumia neno kali?" Ni kweli. Zamani ilisemwa "tohara ya wanawake", na tohara ni neno la usafi. Siku hizi twasema "ukeketaji", na kukeketa ni kukata kwa kifaa butu. Neno lile la upole lilificha jeraha, damu na hatari za wakati wa kujifungua, hili lafunua. Ukali wake walihukumu tendo. Tukiugeuza umwangukie mama aliyefanyiwa hivyo utotoni bila hiari yake, twatenda dhambi ileile ya wasemao "msagane".

Bwana wetu alipomponya mama aliyepinda mgongo kwa miaka 18, hakumtaja kwa kilema chake. Mbele ya sinagogi nzima alimwita binti wa Abrahamu. Nanyi mwajua kwamba agano la Abrahamu halikudai kisu kwa mabinti.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, jambo hili lizungumzwe kabla ya msimu kuanza. Kila nyumba iazimie kumwita binti kwa jina lake, na atakayemtukana aonywe kidugu. Akina baba, semeni hadharani kwamba heshima ya binti asiyekeketwa haijapungua kitu nyumbani mwenu. Akina mama, msionee haya makovu yenu. Wasimulieni mabinti ukweli.

Amani ya Kristo iwe nanyi.