Neno la Mtawala si Upepo

Kijana msomaji, mtu wa kawaida akisema kwamba atalitwaa shamba la jirani yake, wanakijiji humcheka au humwonya, na kabla jua halijatua maneno yake yamesahauliwa. Mtawala akisema hivyo, jambo ni jingine. Nyuma ya ulimi wake pana jeshi, hazina na mhuri wa serikali. Kwa hiyo neno lake halipimwi kwa mizani ipimayo maneno ya watu wengine.

Tarehe 7 Januari 2025 Donald Trump, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais wa Marekani lakini hajaapishwa, alizungumza na waandishi wa habari nyumbani kwake Florida. Alisema kwamba nchi yake inakihitaji kisiwa cha Greenland, kilicho chini ya ufalme wa Denmark, na pia Mfereji wa Panama, ambao Marekani yenyewe iliukabidhi kwa Panama mwishoni mwa mwaka 1999 kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1977. Aliulizwa kama angeahidi kutotumia nguvu za jeshi wala za uchumi ili kuvipata. Alikataa kuahidi. Juu ya Kanada alisema kwamba nguvu za uchumi zingetumika ili iungane na nchi yake. Siku 13 baadaye alikula kiapo, na katika hotuba ya siku ile akarudia kwamba mfereji ule utarudishwa mikononi mwa Marekani.

Siku hizi habari ya Florida hufika Giakanja kabla chai ya jioni haijapoa. Watu wanaosikia habari za namna hii aghalabu hujibu kwa njia tatu. Wa kwanza husema: hayo ni maneno tu, na debe tupu haliachi kuvuma. Wa pili huuliza: yanatuhusu nini sisi watu wa Tetu, wenye kahawa yetu na majani chai yetu? Wa tatu, na miongoni mwao wamo vijana wengi, hupiga makofi na kusema: huyo ndiye mwanamume, laiti na sisi tungempata wa namna yake. Mimi nasema kwamba majibu yote matatu ni mabaya, na la tatu limeyapita mengine kwa ubaya.

Nianze na la kwanza. Ikiwa unaamini kwamba maneno ya mtawala hayana uzito, nenda Mathari, kando ya mji wa Nyeri, mahali ambapo mwanafunzi wa Giakanja anaweza kwenda na kurudi siku moja. Hapo pana kanisa la ukumbusho la Waitalia. Wamezikwa humo askari zaidi ya mia sita, pamoja na mkuu wao, Amedeo wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika Ethiopia. Mkuu huyo aliweka silaha chini Amba Alagi mwezi wa Mei 1941, akafa mfungwa katika Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Askari wale walitoka katika nchi ya mizabibu na mizeituni. Hawakuwa na ugomvi na Mhabeshi, wala na Mkikuyu. Ni nani basi aliyewaleta mifupa yao ije kulala karibu na Mlima Kenya?

Waliletwa kwanza na maneno. Benito Mussolini aliwahutubia watu wake mara nyingi akiwaambia kwamba Italia imedhulumiwa, na kwamba taifa kubwa lastahili himaya kubwa. Wengi walimshangilia, na wengine wakamcheka kwa majivuno yake. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yakavuka mpaka wa Ethiopia. Shirikisho la Mataifa lililokuwa Geneva liliiwekea Italia vikwazo, lakini liliiachia mafuta, nayo magari ya vita hayaendi bila mafuta. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya mataifa hayo, akawaonya kwamba lililompata yeye litawapata na wao. Hawakumsaidia. Mwaka 1939 Ulaya yenyewe ikawaka moto. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo katika kumbukumbu. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin, rais wa Uganda, alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, kwa sababu mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wakenya hawakusema kwamba ni debe tupu. Jomo Kenyatta alijibu hadharani kwamba ardhi ya Kenya haitatolewa, wananchi waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kuishika mizigo ya Uganda. Amin akalegeza kauli yake. Lakini tamaa yake ya ardhi ya wengine haikufa. Mwaka 1978 majeshi yake yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Tanzania ilipigana hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini watu wa Kagera walikwisha kuuawa, na ng'ombe wao walikwisha kuporwa. Sisemi kwamba jibu la mapema huzuia vita siku zote. Nasema kwamba kicheko hakijazuia hata kimoja.

Tena, mtoto wa Tetu ndiye mtu wa mwisho aliye na haki ya kusema kwamba tangazo ni karatasi tu. Tarehe 15 Juni 1895 Waingereza walitangaza kwamba nchi hii iko chini ya ulinzi wao. Hakuna mzee wa Tetu aliyeulizwa. Mwaka 1902 askari wao waliwashambulia watu wa Tetu, na kituo cha Nyeri kikaanzishwa. Mwaka 1920 tangazo jingine likaifanya nchi kuwa koloni, na mwaka uliofuata mahakama ikaamua kwamba Mwafrika aliyelima shamba la babu yake alikuwa mpangaji wa Mfalme wa Uingereza, naye Mfalme aweza kumwondoa apendapo. Mwaka ule wa 1920 ndio aliozaliwa Dedan Kimathi, katika Tetu hii hii. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kati ya tangazo la 1895 na kitanzi cha 1957 ipo miaka 62 ya machozi, na mwanzo wake ulikuwa maneno ya watu waliokuwa mbali, wakisema juu ya ardhi ambayo hawakuwa wameiona.

Sasa jibu la pili: hayatuhusu. Siku ile ile aliyoapishwa, 20 Januari 2025, rais yule alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa mengine kwa siku 90. Haikuchukua muda, zahanati kadhaa za Kenya zilizotegemea fedha hizo zikafunga milango, na wagonjwa wanaoishi kwa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakaingiwa na hofu. Waliosema kwamba habari za Marekani haziwahusu walijifunza kwamba kalamu iliyo Washington inaweza kuufikia mlango wa zahanati ya kijijini.

Lakini dawa si sababu kubwa kupita zote. Sababu kubwa ni ua. Nchi dogo, kama shamba dogo, hulindwa na ua ambao majirani wote wamekubali kuuheshimu. Mwezi wa Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, wakaazimia kwamba kila nchi itaiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Moroko hazikuridhika, na si kwamba zilikosa hoja. Mipaka hiyo ilichorwa na wageni. Imegawa koo, malisho na hata familia. Kenya yenyewe ilikuwa katika vita vya kaskazini mashariki kwa sababu ya mpaka kama huo, na vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1967. Hata hivyo wazee wale waliona kwamba kila mmoja akianza kudai alichopoteza babu yake, bara zima litakuwa uwanja wa makaburi.

Kwa ajili ya kanuni hiyo, tarehe 21 Februari 2022, Urusi ilipokuwa tayari kuivamia Ukraine, balozi wa Kenya Martin Kimani aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Waafrika nao walirithi mipaka wasiyoichora, lakini walichagua kutazama mbele kwa amani kuliko kutazama nyuma. Sasa fikiri, msomaji. Tukilinena hilo kwa Urusi, kisha tukanyamaza kwa Marekani kwa kuwa inatupa dawa, tutakuwa tumeiuza kanuni yetu. Na siku mwenye nguvu atakapoutazama ua wetu kwa jicho la tamaa, tutamwitia nani?

Nimefika kwa jibu la tatu, na hapa nasema nawe uso kwa uso, wewe unayempigia makofi mtu mwenye ulimi mkali. Mwezi wa Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa rais wa Uganda, naye akiwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu, aliandika katika mtandao kwamba yeye na jeshi lake hawangehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya wengi walicheka. Baba yake aliwaomba radhi Wakenya, akamwondoa mwanawe katika ukuu ule; lakini papo hapo akampandisha cheo. Mwezi wa Machi 2024 akamfanya mkuu wa majeshi yote. Tazama namna ulimi usiodhibitiwa ulivyolipwa! Je, maneno yale ulipoyasikia ulimwita mwanamume kweli? Hukumwita hivyo, kwa kuwa shamba lililotajwa lilikuwa lako. Basi kwa mizani gani unamsifu anayeyasema hayo hayo juu ya shamba la Mpanama au la mwenyeji wa Greenland?

Najua utanijibu kwamba taifa bila kiongozi mkali huonewa, na kwamba Kenyatta mwenyewe alikuwa mkali mwaka 1976. Kweli, alikuwa mkali. Lakini kuna ukali wa mwenye nyumba asimamaye mlangoni pake, na kuna ukali wa mtu asimamaye mlangoni pa mwenziwe. Sauti zao huweza kufanana. Haki zao hazifanani. Ushujaa haupimwi kwa kuwatisha wadogo. Mwenye nguvu anayetisha mdogo hahitaji ushujaa wowote. Anahitaji watazamaji tu, na wewe unapompigia makofi unampa alichokuwa akikitafuta.

Tufanye nini basi? Kwanza, tusijibu tusi kwa tusi. Rais wa Panama alijibu kwa ufupi kwamba mfereji ni wa Panama na utaendelea kuwa wa Panama. Waziri mkuu wa Denmark alisema kwamba Greenland ni ya watu wa Greenland. Majibu hayo hayakuwa na matusi, wala hayakuwa na woga. Pili, tujifunze mikataba, mipaka na tarehe, kwa maana asiyeijua historia ya shamba lake hana la kumjibu mdai. Tatu, na hili ndilo gumu kupita yote, tuwapime viongozi wetu kwa kipimo hicho hicho. Siku mgombea wa Kenya atakapotafuta kura kwa kuwatukana Wasomali, Waganda au Watanzania, ukumbi usimpe makofi. Mtawala hujifunza ulimi wake kwa watu wanaomsikiliza; kila alilosema tukanyamaza, huliona limekwisha kuruhusiwa.

Kijana, miaka michache ijayo utapiga kura. Kabla ya siku hiyo, nenda Mathari uyasome majina ya wale askari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa hotuba ile ya vita. Wengi wao waliishangilia tu, au waliisikia wakanyamaza.