Rafu tupu baada ya Nobel: funzo la "Peponi" kwa biashara ya vitabu

Ilikuwa saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 7 Oktoba, 2021, Akademia ya Sweden ilipotangaza kuwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Tangu saa hiyo, wahudumu wa maduka ya vitabu katika nchi nyingi walianza kuulizwa swali moja: vitabu vyake vipo? Katika maduka mengi ya Marekani jibu lilikuwa kwamba havipo. Riwaya yake ya karibuni, "Afterlives", iliyotoka Uingereza mwaka 2020, ilichapishwa Marekani Agosti 2022, takribani miezi kumi baada ya tangazo hilo.

Kwa msomaji wa Kiswahili upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Gurnah alikuwa amekwisha kuandika riwaya kumi kwa Kiingereza, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mwananchi aliyetaka kumsoma mwandishi huyo kwa lugha ya kwao asingepata kitabu hata kama angekuwa na fedha mkononi.

Sababu ya kwanza ya rafu kuwa tupu ni usiri wa tuzo yenyewe. Mchapishaji na muuza vitabu husikia jina la mshindi wakati uleule linapotangazwa kwa umma. Baada ya hapo sharti nakala zichapishwe, zisafirishwe, zihesabiwe na kupangwa, na mwaka ule usafirishaji wa mizigo duniani ulikuwa umezorota kutokana na janga la UVIKO-19.

Hali huwa tofauti pale tarehe inapojulikana mapema. Kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter kilipoanza kuuzwa Julai 21, 2007, maduka yalikwisha kufungwa na makubaliano ya kutouza nakala yoyote kabla ya saa sita na dakika moja usiku. Makasha yalikaa yamefungwa ghalani, majina ya walioagiza yakaandikwa, na wahudumu wakapangiwa zamu za usiku. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 8.3 nchini Marekani na milioni 2.65 nchini Uingereza. Shauku ya wasomaji ilikuwa kubwa, lakini bila daftari la maagizo na ghala lililojaa, shauku hiyo isingegeuka kuwa mauzo.

Tanzania ilipata nafasi yake mwaka 2022, kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilipochapisha "Peponi", tafsiri ya riwaya "Paradise" iliyofanywa na Dkt. Ida Hadjivayanis. Riwaya hiyo ya mwaka 1994 inamhusu Yusuf, kijana anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara ili kufidia deni, katika nchi hii wakati utawala wa Wajerumani ukijikita. Mazungumzo ambayo kwa uhalisia wake yangekuwa ya Kiswahili yalisomwa kwa Kiingereza kwa miaka 28 kabla ya kurejea nyumbani. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO.

Kwa upande wa uandishi, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilianzisha mwaka 2022 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili, 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Hatua hiyo inamwinua mwandishi. Hata hivyo, mswada ulioshinda haujamfikia mwananchi hadi uwe kitabu, na kitabu hakijamfikia hadi kiwe juu ya rafu ya duka au ya maktaba iliyo karibu naye.

Hapo ndipo nafasi ya mhudumu wa duka la vitabu inapoonekana. Yeye ndiye wa kwanza kujua kinachoulizwa na kukosekana. Jina la kitabu kilichoulizwa likiandikwa, likajumlishwa na kupelekwa kwa mchapishaji, huwa msingi wa kuamua idadi ya nakala za kuchapa. Lisipoandikwa, mteja huondoka na mahitaji yake hayahesabiwi popote, kisha husemwa kuwa Watanzania hawasomi.

Wachapishaji nao wana wajibu wa kutangaza mapema tarehe ya kitabu kutoka, bei yake na maduka yatakayokiuza, mikoani pia. Kwa wananchi, hatua ya kwanza ni kuuliza kitabu dukani au maktaba, na kuacha jina pale kinapokosekana.